Mbwa Mdogo wa Nyumbani: Tabia Yake, Matunzo Yake na Afya Yake



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mnyama ambaye hakuna asiyemwona kila siku, lakini ni wachache wamjuao vema. Ng'ombe twawahesabu jioni waingiapo zizini. Mbuzi twawafungia. Hata kuku twajua ni yupi anayetaga na ni yupi anayeatamia. Lakini mbwa alalaye mlangoni, aghalabu hatumweki katika hesabu. Twamtupia ukoko wa ugali, twamfukuza kwa fimbo aingiapo jikoni, na kazi imekwisha.

Katika nchi ya Igunga, tangu upande wa Nzega mpaka mbuga za Wembere, ni shida kuikuta kaya yenye mifugo isiyo na mbwa wawili au watatu. Mchana hufuatana na watoto malishoni. Usiku hulala karibu na zizi, na fisi akisogea wao ndio wa kwanza kutoa habari. Basi mnyama afanyaye kazi mchana na usiku bila mshahara yafaa tumjue asili yake, tabia yake, chakula chake na maradhi yake. Tena iko sababu kubwa kupita hiyo: katika maradhi ya mbwa lipo moja liuwalo watoto wa watu, na kinga yake imo mikononi mwa yule amfugaye.

ASILI YAKE

Mbwa wa vijiji vyetu ni mdogo au wa kadiri. Manyoya yake ni mafupi, kiuno chembamba, miguu miepesi. Rangi yake ni ya mchanga, au kahawia, au nyeusi yenye mabaka meupe. Watu humwita mbwa koko, kana kwamba hana ukoo. Ukoo anao, tena wa kale sana. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya damu ya mbwa wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia. Waliona ya kuwa wengi wao, hasa wale wa Misri na Uganda, si uzao wa mbwa walioletwa na wageni, bali ni mbwa wa Afrika yenyewe.

Na katika mbwa wa aina maalumu wafugwao Ulaya na Marekani, mmoja alionekana kuwa ndugu yao hasa. Huyo ni mbwa mdogo aitwaye Basenji. Asili yake ni misitu ya Kongo. Mwajua ya kuwa njia ya misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiko Kongo. Hivyo ndugu huyu si wa mbali. Kimo chake begani ni sentimita 40 hivi, uzito wake kilo 10 au 11, masikio yamesimama, na mkia umejikunja mgongoni. Hana desturi ya kubweka kama mbwa wengine, ingawa si bubu: hutoa sauti ya kuvuta, kama mtu aimbaye bila maneno. Kwa sababu ya kimya chake, wawindaji wa Kongo humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi msituni.

Jina lake ni la asili moja na neno letu "washenzi". Lakini sikilizeni yaliyompata. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walionyeshwa mjini London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Hawakukaa sana, wakafa kwa maradhi ya distempa, ambayo nitayataja baadaye. Mwaka 1937 Bibi mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alionyesha wengine, na watu wakasongamana kuwatazama. Mbwa aliyedharauliwa kwa jina akawa ajabu ya mji mkuu wa Uingereza.

Lakini wafugaji wa huko walipata funzo lingine. Walipozalisha mbwa wachache wa ukoo mmoja, vizazi kwa vizazi, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea katika uzao ule. Mbwa mwenye ugonjwa huo hunywa maji mengi, hukojoa mno, na hukonda ijapokuwa anakula. Kwa hiyo mwenye mbwa jike asimwachie dume aliyezaliwa naye tumbo moja. Damu iliyochanganyika vema ni afya, nanyi wafugaji wa ng'ombe mwalijua hilo.

TABIA YAKE

Mbwa wa namna hii ni mwepesi wa kujifunza, lakini si mwepesi wa kutumikishwa kwa kipigo. Ni mwangalifu: mgeni humtazama kwa mbali kwanza. Hupenda nyumba moja na watu wake. Hukumbuka mema, na hukumbuka mabaya.

Ushujaa wake haupimwi kwa kimo. Bwana David Livingstone, yule msafiri aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, miaka michache kabla ya hapo alikuwa na mbwa mdogo wa manyoya ya kusokotana, jina lake Chitane. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari ya kuwa mbwa huyo alijifanya mkuu wa msafara: alikimbia mbele kumtazama wa kwanza, akarudi nyuma kumtazama wa mwisho na kumbwekea ili asichelewe, na akiisha kujua kibanda cha bwana wake, hakukubali mbwa mwingine akikaribie. Mwezi wa Januari 1867, katika nchi iitwayo sasa Zambia, msafara ulivuka kinamasi ambacho maji yake yalifika kiunoni. Kila mtu alishughulika asianguke, Livingstone mwenyewe alitangulia akasahau kuagiza habari za mbwa, na Chitane akaogelea katikati ya watu mpaka akafa maji. Basi hiyo ndiyo tabia ya mbwa mdogo: hufuata tu, wala hapimi kina cha maji. Kupima ni kazi ya mwenyewe.

Wazee husema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tabia ya mbwa hujengwa mapema sana. Tangu majuma 3 ya umri wake mpaka majuma 14 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani rafiki na ni nani adui. Akishikwa kwa upole siku hizo, akizoeshwa sauti za watoto, mbuzi, ndama na baiskeli, atakuwa mtulivu siku zote. Akipigwa mawe, au akifungwa kamba peke yake, atakuwa mwoga. Na mbwa mwoga ndiye aumaye upesi. Samaki mkunje angali mbichi.

Katika kumfundisha, tumia neno moja kwa jambo moja, wala usilibadili. Akitii, mpe kipande cha chakula papo hapo. Akikosa, mkatae kwa sauti; usimpige baada ya saa nzima kupita, maana hatajua kosa lake, bali atajifunza kuogopa mkono wako tu.

Na watoto nao wafundishwe. Mbwa alaye asiguswe. Mbwa anyonyeshaye asisogelewe. Mbwa aliyelala asiamshwe kwa teke. Mbwa msiyemjua asikimbiwe, kwa kuwa akimbiaye hufukuzwa. Mtoto na asimame kimya, mikono chini, bila kumkazia macho, mpaka aondoke.

Wako wasomaji wetu, hasa wa mji wa Tabora na vijiji vyenye Waislamu wengi, wasemao ya kuwa mate ya mbwa ni najisi. Wana haki ya kufuata sheria yao, na mbwa akae nje ya nyumba na mbali na vyombo. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na shamba, na mashuhuri katika hadithi za Mtume ni habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumtunza mbwa na kujitahirisha ni mambo mawili yasiyogombana.

MATUNZO YAKE

Jambo la kwanza ni maji. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema na ulimi nje, na kuhema humaliza maji. Kwetu, wakati wa kiangazi, mabwawa yakaukapo, kigae cha maji safi kivulini ni lazima kwake.

La pili ni chakula. Ugali mtupu hushibisha lakini haujengi mwili. Changanya na mchuzi, dagaa, maharage yaliyoiva, au mabaki ya nyama. Mbwa mzima ale mara moja au mbili kwa siku, mtoto wa mbwa mara tatu au nne. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hukatika kama vijiti vyenye ncha na kutoboa matumbo. Vitunguu vingi pia ni sumu kwake, huharibu damu.

La tatu ni mahali pa kulala. Apate banda dogo lisilovuja, nje ya moshi, na majani makavu yanayobadilishwa, maana viroboto huzaliana katika malalo ya kale.

La nne ni uzazi. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na huweza kuzaa watoto 5, 6, hata zaidi. Wasiachishwe maziwa wala kutolewa kwa watu kabla ya majuma 8. Usiwe na mbwa wengi kuliko unavyoweza kuwalisha, kwa sababu mbwa mwenye njaa huzurura, na azururaye hukutana na kila maradhi. Asiyetaka watoto wengi amwendee mganga wa mifugo, dume huhasiwa, na jike pia aweza kufungwa uzazi.

MARADHI YAKE

Kupe huleta homa kwa mbwa kama waletavyo kwa ng'ombe. Mbwa huacha kula, ufizi wake huwa mweupe, na pengine mkojo huwa mwekundu. Mtazame masikioni, shingoni na katikati ya vidole, ukawang'oe kupe kwa kuvuta polepole. Dawa ya josho la ng'ombe usimpake pasipo kuuliza kipimo. Na dawa ya kuulia wadudu wa pamba usimpake kamwe. Hunyonywa na ngozi, tena mbwa huiramba, akafa kwa kutetemeka.

Mbung'o nao, katika miyombo, humwambukiza mbwa ugonjwa wa nagana. Macho yake huingia ukungu mweupe, uso huvimba, nguvu humwishia. Akitibiwa mapema aweza kupona, akichelewa hufa.

Distempa ni ugonjwa wa virusi, ndugu wa surua ya watoto. Mbwa hutokwa na makamasi na tongo, hukohoa, huharisha, kisha hushikwa na kifafa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia katika simba wa Serengeti, ukawaua theluthi moja hivi, na wataalamu wakageukia mbwa wa vijiji vilivyopakana na mbuga ile. Chanjo yake ipo.

Minyoo ni ya kila mbwa. Watoto wa mbwa huipata tumboni mwa mama yao, kwa hiyo wapewe dawa tangu majuma ya kwanza. Lakini liko tegu moja dogo sana ambalo wenye ng'ombe na kondoo yawapasa kulijua. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akichinjwa, pengine huonekana katika ini na mapafu yake vifuko vyenye maji. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi, tegu humea matumboni mwake, na mayai hutoka katika mavi yake. Mtu akiyala mayai hayo kwa mikono michafu au kwa maji, vifuko vile vile humea katika ini lake au mapafu yake, navyo hukua miaka mingi bila yeye kujua. Ugonjwa huo umewasumbua sana Waturkana wa Kenya, wafugaji kama sisi. Kinga yake ni rahisi: ini na pafu lenye vifuko lichomwe moto au lizikwe chini sana, asitupiwe mbwa; na kila mtoto anawe mikono kabla ya kula.

KICHAA CHA MBWA

Sasa nafika kwenye jambo lile nililolitaja mwanzo. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kichaa cha mbwa, walio wengi katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 walipata ugonjwa kwa mbwa. Na katika kila watu 10 waumwao na mnyama adhaniwaye ana kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Ugonjwa huu ni wa virusi vikaavyo katika mate. Mnyama aumapo, virusi huingia jerahani, hufuata mishipa ya fahamu, na husafiri polepole mpaka ubongo. Safari hiyo kwa mtu aghalabu huchukua miezi 2 au 3, pengine juma moja tu, pengine mwaka. Vikiisha kufika ubongoni na dalili zikaonekana, yaani mtu ashindwe kunywa maji, aogope upepo, apatwe na wazimu, hapana dawa ya hospitali wala ya mganga wa kienyeji itakayomrudisha. Lakini maadam virusi vingali njiani, chanjo huvitangulia. Hayo yalionyeshwa mjini Paris tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur aliposimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa wa kichaa. Mtoto yule akaishi.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huuma bila sababu, hata kuni na mawe. Mwingine, kinyume chake, hunyamaza na kujificha gizani. Sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate humtiririka, na husonga mbele bila kujua aendako. Msidhani ya kuwa amekwamwa na mfupa, mkatia mkono kinywani mwake.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, fanyeni hivi. Kwanza, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, muda wa dakika 15 kamili. Kuosha huku peke yake huondoa virusi vingi. Msitie mafuta, majivu, pilipili wala majani. Pili, nendeni hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama mchubuko wa mwiba. Tatu, malizeni sindano zote kwa siku zilizoandikwa; anayeacha katikati kwa kuwa jeraha limepona amejidanganya. Nne, mbwa aliyeuma, ikiwezekana bila hatari, afungiwe na atazamwe siku 10, na bwana mifugo apewe habari. Ng'ombe au punda aliyeumwa pia aangaliwe. Akianza kuugua asichinjwe kwa kitoweo.

Hayo yote ni baada ya ajali. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe ni kumchanja mbwa, kisha kurudia kila mwaka. Wataalamu wamethibitisha ya kuwa mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa, kikakoma. Fikirini moto wa nyika: majani yakifyekwa sehemu kubwa, moto hauna pa kurukia. Ndiyo maana mbwa wako mmoja si wako peke yako. Ni sehemu ya ukingo wa kijiji kizima. Na msiwaache watoto wa mbwa nyumbani siku ya kuchanja mkidai ni wadogo mno, kwa kuwa hao ndio watoto wa watu wachezao nao zaidi.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, imefanywa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika nchi nyingi mbwa huchanjwa siku hizo. Lakini msingoje Septemba. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata yenu, jueni siku ya chanjo, na mwandike.

Mabwana na mabibi, nawaachia kazi tatu za juma hili. Hesabuni mbwa wa kaya yenu, wakubwa kwa wadogo. Ulizaneni ni yupi aliyechanjwa na lini. Kisha mtoto aliye shuleni awasomee wenzake na wadogo zake yale mambo manne ya kufanya mtu akiumwa, mpaka wayajue kwa moyo. Na mbwa wenu wasikose maji leo jioni.

Kwaherini.